Tuongee breki kabla hatujashuka na mlima

Wazee shikamooni. Wadogo zangu madereva, waghoshi wote mliopaki hapo nje, na nyie matajiri wenye pikipiki mlioacha shughuli zenu mkaja, asanteni sana. Nimeombwa niongee kuhusu pedi na diski za breki (diski ni ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, pedi ni vile vipande viwili vinavyoibana, na kalipa ndo kibano kinachobeba pedi), na sitazunguka, maana mi ni fundi, kazi yangu kila siku ni kufungua hizo kalipa na kuona yaliyomo ndani, na mengi ninayoyaona yananitisha kweli.

Mtu akianguka pale kwenye kona za Soni tunasikia "breki zilikata". Sawa, kweli kuna siku waya unakatika au mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta, unapasuka, inatokea. Lakini pikipiki nyingi zinazoletwa kwangu baada ya ajali ukifungua unakuta breki ilikuwa inaaga muda mrefu tu na hakuna aliyeiangalia. Pedi haiishi kwa siku moja. Diski hailiki kwa usiku mmoja. Vyote hivyo vinaonekana kwa macho, bure, bila kufungua hata nati moja, na hilo ndo ninalotaka tuelewane leo, kwamba dereva mwenyewe ndo mtu wa kwanza wa kuiona breki, fundi ni wa pili.

Tuanze na hii barabara yetu. Lushoto mpaka Mombo ni kama kilomita 33, Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Mombo kule chini iko kama mita 400, kwa hiyo unashuka mita 1,000 hivi. Sasa chukua pikipiki yenyewe, wewe, abiria, na yale matenga ya mboga, tuseme jumla kilo 300. Uzito huo ukishuka mita 1,000 unazalisha joto ambalo lingetosha kuchukua lita 8 za maji ya baridi mpaka yachemke yatokote. Upepo unachukua kiasi, injini inachukua kiasi kama uko kwenye gia, kinachobaki chote kinaingia kwenye kile kidiski cha mbele na dramu ya nyuma, lile duara la chuma katikati ya gurudumu ambalo breki inabana kwa ndani. Na nyie mnaoshuka mmetia nyutro na injini mmezima eti mnaokoa mafuta, mjue hapo mmeinyima breki msaidizi wake mkubwa kuliko wote. Shuka na gia ya pili, au ya tatu pale inapolegea, injini iungurume iwe inakushika yenyewe, afu breki unaigusa kabla ya kona unaiachia, unaigusa unaiachia, usikae umeikanyaga tangu juu mpaka chini. Mafuta utakayookoa kwa nyutro hayafikii hata bei ya pedi unazoziunguza, achilia mbali mguu.

Sasa hapa msikilize vizuri maana ndo penye watu wengi hawapajui. Breki ya diski ikipata moto sana inaweza kukuacha kwa namna mbili tofauti, na mkono wako unaweza kuzitofautisha. Ya kwanza, unabana liva, ule mkono wa breki kwenye mpini, liva ni ngumu kama kawaida, ila pikipiki haisimami, inateleza tu. Hapo ni pedi zimezidiwa na joto, zimepoteza msuguano, mara nyingi na harufu ya kuungua unaisikia. Ya pili, unabana liva inaenda laini mpaka inagusa mpini, hakuna kitu. Hiyo ni mafuta ya breki yamechemka. Mafuta yale yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo, hata kama kopo limefungwa, na kadri yanavyonyonya maji ndivyo yanavyochemka mapema. Yale ya DOT 3, hiyo DOT ni daraja la mafuta ya breki, yakiwa mapya kabisa kiwango chake cha kuchemka ni kuanzia nyuzi joto 205 za sentigredi, yakishanyonya maji kinashuka mpaka 140. DOT 4 mapya ni 230, yakishachoka 155. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke tofauti na mafuta unabanika, kwa hiyo nguvu ya mkono wako yote inaishia kubana mapovu badala ya kusukuma pistoni, kile kidude cha duara ndani ya kalipa kinachosukuma pedi.

Na ubaya wake ni huu, ukisimama dakika kadhaa ikapoa, mvuke unarudi kuwa maji, liva inakuwa ngumu tena, breki inashika safi. Dereva anasema aah kumbe iko poa, anapakia abiria anaendelea, au anakuja kwangu ananiambia fundi ilinigomea pale juu lakini saizi haina shida. Ndugu yangu, ina shida. Siku liva ikilegea mlimani hata mara moja hayo mafuta yanamwagwa yote yanawekwa mapya, hatujadiliani. Na hata kama haijalegea, badilisha kila baada ya miaka 2. Pale kwenye kopo la mpini kuna kijidirisha cha kioo, chungulia, mafuta mapya ni meupe au manjano ya mbali, yakishakuwa ya kahawia iliyokoza yamekwisha kazi yake. Ukinunua soma kwenye kifuniko imeandikwa DOT ngapi, nunua kichupa kipya ambacho hakijafunguliwa, sio kile kilichobaki nusu dukani tangu mwaka jana. Na tafadhali, tafadhali sana, asiwepo mtu wa kuweka oili ya injini au haidroliki ya stelingi mle, mipira ya ndani inavimba na kuharibika, breki inang'ang'ania au inavuja, utabadilisha mfumo mzima.

Kuna hii nyingine ya kumwagia diski maji ikiwa ya moto, mnafika pale kwenye maji mnachota na kidumu mnaipooza, inatoa moshi shwaa. Msifanye hivyo. Chuma cha moto ukikipoza ghafla upande mmoja kinapinda, na diski ikipinda hata kidogo sana, tunaongelea sehemu ya milimita, vitabu vingi vya pikipiki vinaweka mwisho wake 0.3, utaisikia kwenye liva inapiga piga vidole kila gurudumu linapozunguka. Simama kivulini iache ipoe yenyewe.

Haya, kuangalia pedi. Asubuhi kabla hujawasha, chuchumaa mbele ya pikipiki, washa tochi ya simu, mulika ndani ya kalipa pale diski inapopita katikati. Utaona vitu viwili kila upande, bati la chuma, na juu yake ile nyama ya pedi inayogusa diski. Unaangalia nyama, sio bati. Ikibaki milimita 2 anza kutafuta hela, ikifika 1 hiyo pikipiki isishuke mlima. Pedi nyingi zina mfereji mdogo katikati wa kupimia, mfereji ukifutika pedi imeisha hata kama bado inashika vizuri. Angalia zote mbili, ya ndani na ya nje, hapo ndipo watu wanapodanganyika kwa sababu ya nje inaonekana kirahisi, ya ndani imejificha.

Kuna kijana aliniletea pikipiki ya Kichina, diski mbele dramu nyuma, kama nyingi za hapa, analalamika inapiga kelele kidogo tu. Ya nje ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Nikatoa ya ndani, nyama hakuna kabisa, bati limekuwa linang'aa kama limepigwa polishi maana lilikuwa linasaga diski moja kwa moja, chuma kwa chuma. Diski upande ule ilikuwa na mifereji unaweza kulaza ukucha ndani yake, na rangi imegeuka bluu. Pistoni imetoka nje mpaka mafuta yameanza kulowanisha pembeni. Chanzo chake? Pini mbili za kalipa, zile kalipa inateleza juu yake. Vimpira vyake vilichanika, matope yakaingia, kutu, zikaganda. Kalipa ya pistoni moja lazima iteleze ili pedi ya upande usio na pistoni, kwake ilikuwa ya nje, nayo ivutwe ibane, ikiganda basi ya upande wa pistoni, kwake ya ndani, ndo inafanya kazi yote peke yake mpaka inakwisha. Huyu angebadilishiwa pedi tu angerudi muda sio mrefu na tatizo lile lile. Kwa hiyo ukiona pedi zimeisha kwa kupishana, usikubali fundi akuwekee mpya akuruhusu, mwambie atoe hizo pini, azisafishe, apake grisi ya silikoni ile inayovumilia joto, kidogo tu, na vimpira vilivyochanika abadilishe. Grisi ya kawaida ya beringi haifai pale, inavimbisha mipira.

Jambo lingine, mafuta ya breki yakipungua kwenye kopo msikimbilie kuongeza. Kadri pedi inavyolika pistoni inasogea mbele na nafasi inayoacha nyuma inajazwa na mafuta, kwa hiyo kiwango kinashuka chenyewe bila kuvuja popote. Mafuta yakishuka, kaangalie pedi kwanza. Ukiongeza kienyeji, siku ya kuweka pedi mpya pistoni inarudishwa ndani, mafuta yanafurika juu na yakigusa rangi ya tenki yanaibambua. Kama pedi ni nzima na mafuta yanapungua, basi panavuja, tafuta.

Kubadilisha zenyewe sio kazi kubwa, dereva yeyote mwenye spana anaweza, ila kuna sehemu za kutofanya mchezo. Kalipa ukishaifungua usiiache ininginie kwenye mpira wake, ifunge na waya kwenye shokapu. Liva usiiguse wakati pedi zimetoka, pistoni itaruka nje. Kabla ya kurudisha pistoni ndani isafishe kwanza, lile vumbi na matope yaliyoganda mzunguko mzima, tumia maji ya sabuni au mafuta ya breki yenyewe na mswaki, sio petroli, petroli inaua mipira. Ukiirudisha na uchafu wake ndo unaanza kuchana sili ya ndani, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje. Fungua kifuniko cha kopo juu, zungushia kitambaa, sukuma pistoni taratibu kwa mkono au kwa pedi ya zamani. Na lile vumbi jeusi usilipulize na mdomo wala kompresa, pedi za bei rahisi zisizo na jina huwezi kujua zimetengenezwa na nini, kuna zilizokuwa zinawekwa asbesto na hiyo inaua mapafu, futa na kitambaa kibichi. Ukimaliza kufunga, kabla hujasogea hata hatua moja, bana liva, achia, bana, achia, mpaka iwe ngumu. Nasisitiza hili kwa sababu pistoni umeirudisha nyuma, kwa hiyo mibano ya kwanza haishiki kitu, na mtu akiwasha akatoka gereji bila kupampu anakutana na barabara hana breki kabisa.

Afu pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Zinatakiwa zizoeane na diski, funga breki za wastani za kutosha sehemu tambarare, chini kule Mombo pako vizuri, ukiacha nafasi ipoe kila baada ya muda, na kilomita 200 za mwanzo jitahidi usifunge breki za ghafla kama hakuna dharura. Usiweke pedi mpya leo jioni afu kesho alfajiri ukashuka na mzigo.

Diski sasa. Wengi hawajui kama diski nayo ina mwisho. Ichunguze, pembeni karibu na katikati imegongwa maandishi MIN TH na namba, mara nyingi kwenye hizi pikipiki ndogo ni 3.5 au hapo karibu, maana yake ikiwa nyembamba kuliko milimita hizo haifai tena, imekuwa nyepesi haiwezi kubeba joto na inaweza kupinda au kupasuka. Pima na kile kifaa cha kupimia unene, vanisi, pale pedi inapopita, sio ukingoni, maana ukingo hauliki, unabaki mnene. Huna vanisi, pitisha ukucha kutoka nje kwenda ndani, ukikuta ngazi ambayo ukucha unakwama vizuri, ipeleke kwa fundi apime. Kuna wanaopeleka diski ya pikipiki kwa wachonga vyuma isawazishwe. Ya gari ni nene, inavumilia. Ya pikipiki ni milimita 4 ikiwa mpya, ukichonga hapo umebakiza nini? Nunua mpya. Na ukinunua mpya isafishe ile oili ya kuzuia kutu kabla hujafunga, angalia mshale wa upande inaozungukia kama upo, bolti zikaze kwa kupishana msalaba kidogo kidogo. Na diski mpya iwekewe pedi mpya, zile za zamani zishachongeka kwa umbo la diski ya zamani hazitakaa sawa.

Kuna oili kudondokea diski. Shokapu za mbele zikianza kuvuja sili, ile oili inateremka mpaka kwenye kalipa. Pedi ikishanywa oili imekufa. Najua mafundi tunazichoma kwenye moto wa petroli halafu tunazipiga msasa tunamrudishia mtu, nawaomba wenzangu mliopo hapa tuache, inashika ikiwa baridi, ikipata moto ile oili iliyobaki ndani inatoka juu tena. Tupa, ziba kwanza shokapu, weka mpya. Msasa ni wa pedi iliyong'aa tu kwa kuungua kidogo na bado ina nyama.

Kuhusu kununua. Geuza pedi uangalie mgongoni, nyingi nzuri zina herufi mbili, FF, GG au HH. Ya kwanza ni inavyoshika ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. F ni msuguano wa 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55, H ni zaidi ya hapo. Kwa mlima wetu herufi ya pili ndo ya kuangalia sana. Kuna zile ngumu za unga wa chuma uliogandamizwa, zinavumilia joto na matope, ila zinakula diski ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, kwa hiyo fuata aina aliyoweka mtengenezaji wa pikipiki yako. Na feki zipo nyingi, boksi limechapwa jina kubwa lakini ukikwangua nyama na bisibisi inamomonyoka, au imebanduka kwenye bati hata kabla hujaifunga. Hiyo irudishe hapo hapo dukani.

Wenye Boxer msidhani sijawaona. Boxer nyingi za hapa ni dramu mbele na nyuma, huwezi kumulika ndani, lakini pale mkono wa breki unapoingia kwenye dramu pana mshale mdogo, bana breki mpaka mwisho, mshale ukifika kwenye alama ya mwisho breki shuu, zile zinazobana dramu kwa ndani, zimeisha. Ile nati ya kukazia nyuma sio dawa ya shuu iliyoisha. Kila siku unakaza tu, unakaza, mpaka nafasi ya kukaza inaisha, na shuu ikiwa nyembamba sana kamu, kile chuma kinachozitanua shuu, inageuka kupita kiasi breki inang'ang'ania gurudumu linajifunga barabarani.

Na breki ya mbele itumieni jamani. Kuna watu wameifungua kabisa wakaiondoa wanasema inarusha. Ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, ndo maana kwenye lami kavu breki ya mbele inabeba kama asilimia 70 ya kazi. Anayetumia ya nyuma peke yake ametupa zaidi ya nusu ya breki zake. Inarusha ukiikwapua, au ukiibana ukiwa umelala kwenye kona au juu ya mchanga. Ibane kwa vidole viwili ikiwa pikipiki imesimama wima, uiongeze taratibu. Na mkumbuke spidi ikiongezeka mara mbili kazi ya breki inaongezeka mara nne, ukiwa 60 kwa saa sekunde moja tu ya kushtuka umeshapita karibu mita 17 hujagusa hata liva.

Nimalizie na matajiri, nawaheshimu sana ila hili niliseme wazi. Kijana wa hesabu, anayekuletea fedha ya kila siku, anaogopa kukwambia pedi zimeisha maana utamwambia anaendesha vibaya, kijana wa mkataba, anayelipia pikipiki mpaka iwe yake, anaahirisha kwa sababu ni hela yake na marejesho yanamkaba. Katikati hapo pedi inakwisha. Bei ya pedi za kawaida na hesabu ya siku moja havipishani sana, nawaomba mkubaliane leo hii hii kwamba siku ya kubadilisha pedi haidaiwi hesabu, kwa mkataba au bila mkataba. Diski ukiiacha mpaka ikaliwa ni mara kadhaa ya bei hiyo, na pikipiki ikiingia korongoni huna pikipiki, na mama wa watu hana mtoto.

Mi nabaki hapa nje mpaka jioni na vanisi yangu. Tunaanza na zenye diski, mje mmoja mmoja, mwenyewe achuchumae amulike aniambie anaona nini kabla mi sijaangalia, zenye dramu zifuate. Sikai kwenye kiti wala sichukui hela ya mtu. Ambaye liva yake iliwahi kulegea mlimani aje wa kwanza kabisa, na kama una abiria wa kumpeleka Mombo saa hizi mpigie simu umwambie akusubiri.